Meli Isiyopoteza Mtu

Karatasi ililetwa Jumanne asubuhi na ofisa kijana wa kumbukumbu za jeshi la majini, binti mpole mwenye viatu vinavyong'aa, aliyekaa ukingoni mwa kiti na kukataa chai mara mbili kabla ya kuikubali. Alisema ile meli ndogo ya mbao inakwenda kuvunjwa mwisho wa mwezi. Kabla haijavunjwa kutakuwa na shughuli fupi gatini. Historia ya utumishi wake itasomwa mbele ya watu, kisha itachongwa kwenye kibao na kutundikwa ukutani makao makuu. Historia yenyewe walikwisha kuiandika kutokana na madaftari ya zamani. Kilichobaki ni mtu aliyekuwemo aipitie na kutia saini, na kati ya wale wa miaka ya mwanzo walikuwa wamebaki wawili tu: mpishi, ambaye siku hizi hata jina lake humponyoka, na yeye karani.

"Daftari lote ni mwandiko wako, mzee," binti alisema. "Pale ofisini tunaoneshana."

Karani alishukuru, akaahidi karatasi itakuwa tayari Jumatatu, akamsindikiza mgeni hadi mlangoni. Aliporudi aliosha vikombe, akavifuta, akavipanga kabatini. Ndipo akaketi kusoma. Ulikuwa ukurasa mmoja, mistari ishirini na miwili. Mstari wa tisa ulisema kwamba katika miaka minne ya kufagia mabomu, meli hii haikupoteza hata mtu mmoja.

Aliusoma kama mtu anayesoma bili ya maji ya jirani. Kwa miaka mingi mambo yalikuwa yakipita mbele ya karani huyu bila kumgusa, mazuri kwa mabaya. Alipomzika mkewe miaka minne iliyopita, waliokuja kumpa pole walimsifu kwa uvumilivu, na wengine walikwenda kuwasimulia waume zao kwamba mwanamume ni yule. Wangejua. Hakuwa akivumilia chochote, kwa sababu hakuwa akisikia chochote. Alisimama pale akiangalia kama viti vya kuazima vinatosha.

Sasa tuanze na meli, maana bila meli mtu huyu haeleweki.

Ilikuwa meli fupi, nene kidogo kiunoni, ya mbao na shaba kuanzia tumboni hadi juu. Vita vilipokwisha, waliopigana walikwenda zao wakaacha bahari ya mbele ya bandari imejaa mabomu. Mengine yalifungwa kwa minyororo, yakaning'inia ndani ya maji yakingoja kuguswa. Mengine yalilala chini kabisa yakinusa chuma. Meli ya chuma ikipita juu yake, imekwisha. Ndiyo maana waliotumwa kusafisha walipewa meli ya mbao. Kazi yake ilikuwa kukokota waya mrefu nyuma, wenye maboya na visu. Waya ukinasa mnyororo, kisu kinaukata, bomu linaibuka juu, na mtu mwenye bunduki analipiga kwa mbali. Kisha meli inageuka, inasogea kidogo pembeni, inaanza mstari mwingine, kama mtu anavyofagia uwanja. Mabaharia wa meli kubwa, wale wenye mizinga na bendi ya muziki, waliipa jina la Kuku, kwa sababu ilishinda kutwa inachakura pale pale. Wenyewe walikasirika mwezi mmoja, kisha wakalizoea jina, na mwishoni mtu mwingine akilitaja bila adabu walikuwa tayari kukunja ngumi.

Kapteni wao alikuwa mfupi, mkavu, mtu asiyeinua sauti. Katika suala la chuma alipita mipaka. Kila asubuhi kabla ya kutoka, watu wote ishirini na sita walipanga mstari gatini na kumwaga ndani ya kasha kila chenye chuma: funguo, nyembe, visu vya mfukoni, hata mikanda yenye bizimu. Walifunga suruali kwa kamba. Wakipita bandarini wenzao waliwauliza mbuzi wako wapi. Walikula kwa vijiko vya mbao, na mpishi alikoroga sufuria ya shaba kwa mwiko aliouchonga mwenyewe. Ilipofika zamu ya karani, kapteni aliichukua kalamu yake ya wino, akaitazama nibu, akaitupa kashani pamoja na mengine.

Kwa hiyo karani aliandika kwa penseli. Kila tukio na saa yake: tumeingia mstari wa tatu, waya umenasa, bomu limeibuka, bomu limepigwa. Jioni, wakisharudi nchi kavu, alikaa kwenye chumba kidogo cha ofisi na kunakili yote kwa wino katika daftari kubwa. Yeye na kapteni wakatia saini. Kurasa za penseli zikachanwa na kuchomwa ndani ya ndoo mbovu iliyokaa pembeni mwa mlango, kwa sababu kapteni alishikilia kwamba meli yenye madaftari mawili ni kama mtu mwenye maneno mawili. Wenzake wakamwita Penseli, na jina likamganda.

Mtu aliyelitumia zaidi jina hilo alikuwa fundi wa winchi, ile mashine ya kuachia na kuvuta waya. Alikuwa pande la mtu, mwenye kicheko kilichosikika hadi gati la pili. Karani alikuwa amemkaribisha nyumbani kwao siku moja kunywa chai, akaja, akavunja kiti, akakitengeneza, akabaki hadi jioni. Baada ya miezi sita akamwoa dada yake karani. Mgeni njoo mwenyeji apone. Nyumba ile haikuwa imecheka hivyo tangu baba yao afariki. Melini sasa karani akawa na shemeji, na shemeji ana haki ya utani. "Shemeji Penseli," fundi angeita kutoka nyuma ya meli, "andika nimepiga chafya saa tatu na robo." Na kuna siku karani aliandika kweli, kwa penseli, na jioni akaiacha isiingie kwenye wino.

Mwaka wa kwanza meli mwenzake Kuku ililipuka na watu kumi na mmoja. Nyingine ilipoteza wawili. Kuku hakupoteza mtu. Mwaka wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Kufikia hapo watu walianza kusema kwa sauti kwamba ile meli ina bahati, na mtu akishaambiwa ana bahati hupata kazi ya pili ya kuilinda. Hakuna aliyethubutu kubadilisha kitanda. Mpishi hakuthubutu kuacha mwiko wake. Hata kapteni, ambaye alijifanya hasikii upuuzi huo, alianza kutembea melini akigonga mbao mara mbili mbili.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo kila mtu aliijua. Mtu akifia melini, kazi inasimama, meli inafungwa gatini, baraza la uchunguzi linaketi, na hakuna anayeshuka mpaka limalize. Meli ile iliyopoteza wawili, mabaharia wake walikaa ndani wiki saba, wakiwaona wake zao kwa kupungiana mikono. Lakini mtu akitolewa melini akiwa hai na akafia hospitali, hiyo ni habari ya hospitali. Jina lake linafutwa kwenye orodha ya meli saa ile ile anayotoka, na meli inaendelea na safari.

Mwaka wa nne zilikuwa zimebaki siku kumi na moja watu wale waachiwe warudi makwao. Mke wa karani alikuwa na mimba ya kwanza, na mkunga alikuwa ameshasema ni wiki ile.

Asubuhi hiyo bahari ilitulia. Waya ulinasa kitu kizito, na wote walijua si mnyororo. Yalikuwa mabaki ya meli iliyozama, chini kabisa. Winchi ililia. Fundi aliinua mkono kuashiria injini ipunguzwe. Waya ukakatika. Waya ukikatika hukirudia kilichokuwa kikiuvuta, na huu ulirudi ukampiga fundi kifuani, akakaa chini polepole, mgongo ukaegemea winchi yake. Bomu halikumgusa. Katika miaka minne yote hakuna bomu lililomgusa mtu wa Kuku.

Karani alikuwa hatua sita kutoka pale, daftari mkononi. Aliinama, akatazama macho ya shemeji yake, akaweka sikio mdomoni mwake. Akasimama wima. Akatazama saa ya shaba iliyotundikwa juu ya ngazi, akaandika: *Saa nne na dakika ishirini, fundi wa winchi amefariki.* Kitu ambacho hakumwambia mtu yeyote, hata mkewe, ni kwamba mwandiko ulikuwa umenyooka. Alitarajia uwe umepinda. Aliutazama na kuona umenyooka, na tangu dakika hiyo akawa mtu wa kutazama tu.

Kapteni alishuka, akapiga goti kando ya fundi, akakaa hapo kwa muda. Kisha akainuka na kuwatazama watu wake mmoja mmoja. Akasema, kwa sauti ile ile ya kila siku, kwamba fundi ameumia vibaya, machela iletwe na mashua iteremshwe, anahitaji daktari haraka. Kila mtu alisikia neno daktari. Hakuna aliyeuliza maiti ana shida gani na daktari. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Hapa kata zilikuwa ishirini na tano, na zote zikanyamaza.

Walimfunika blanketi hadi shingoni, uso wakauacha wazi, kwa sababu mgonjwa hafunikwi uso. Wanne walimteremsha. Karani alishika mguu wa kushoto.

Jioni, kwenye kile chumba cha ofisi, kapteni alisimama nyuma ya kiti cha karani. Alimsomea polepole: saa nne na nusu, fundi wa winchi ametolewa melini akiwa majeruhi.

"Kapteni, nimeshaandika," karani alisema.

"Umeandika kwa penseli."

Kapteni akamuuliza mkewe anajifungua lini. Karani akasema ni wiki hii.

"Basi andika."

Akaandika. Kurasa za penseli zikachomwa kwenye ndoo kama kawaida. Siku nne baadaye mkewe alijifungua mtoto wa kike, na karani alikuwepo, amesimama pembeni ya kitanda. Watu walicheka na kulia, wakamwekea mtoto mikononi. Alimshika vizuri, asije akamwangusha. Akatazama saa ya ukutani na kujiambia ni saa kumi na dakika tano. Hakuna kingine alichosikia ndani yake, na hata hilo halikumshangaza.

Dada yake habari zilimfikia kwa dereva wa jeshi, saa tano kamili. Dereva aliambiwa aseme mumewe ameumia, basi akasema hivyo. Dada mtu alikuwa amevaa nguo za kufulia. Kwa kuwa ameambiwa kuumia, na kwa kuwa mumewe alikuwa mtu wa kuvunjika kidole leo na kucheka kesho, hakutaka kwenda kwake hivyo hivyo, kama aliyetoka kwenye beseni. Aliwasha pasi. Pasi ilichelewa kupata moto. Alinyoosha gauni, akavaa, akachana nywele, akatoka. Alifika hospitali saa sita na dakika tano. Daktari wa zamu, ambaye alikuwa ameandika saa aliyomfikia mgonjwa kama madaktari wengi wanavyofanya foleni ikiwa ndefu, alimwambia kwa huzuni ya kweli kwamba mume wake amefariki saa sita kasoro robo.

Zikawa dakika ishirini. Dakika ishirini za pasi.

Tangu siku hiyo mwanamke huyu hakushika pasi tena. Alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na watoto, ambao hawana dogo, walimwita Mwalimu Makunyanzi. Alicheka nao. Walimu wenzake walidhani ni uzembe wa ujane, wengine wakamshonea nguo za kitambaa kisichojikunja. Hakuolewa tena ingawa walikuja watu wa maana. Kaka yake tu ndiye aliyeambiwa sababu, na aliambiwa mara nyingi. Kila mwaka siku ile ikifika, walipokuwa wamekaa na vikombe vyao vya chai, dada alikuwa akisema, "Dakika ishirini, kaka. Alikuwa anatazama mlango." Na kaka alikuwa akijibu, "Usijitese, dada."

Usijitese! Huyo ndiye mtu ambaye angeweza kuuondoa mzigo ule kwa sentensi moja. Mwanzoni aliogopa, kapteni alikuwa hai na daftari lilikuwa na saini mbili. Kisha kapteni akafa kitandani kwake, na mabaharia wakaanza kufuatana, na hofu ikaisha. Lakini jambo likikaa sana mdomoni huota mizizi kama jino, ukitaka kuling'oa unajua utaondoka na nyama. Na yeye, tusimpendelee, hakuwa akiumia. Angekuwa anaumia labda angesema. Aliacha jeshi, akapata kazi ofisi ya kusajili magari, akaandika namba za magari ya watu miaka ishirini na saba kwa mwandiko ulionyooka. Kila Jumamosi alipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu kwa dada yake, akanywa chai, akala mkate, akatazama mikono ya gauni iliyokunjamana, akarudi nyumbani. Miaka thelathini na moja.

Kuku naye aliendelea. Mabomu yalipokwisha alifanywa meli ya doria, akawa mzito mno kwa doria. Akafundishia vijana kufunga kamba. Akavuta matishari. Miaka kumi ya mwisho alifungwa kwenye gati la nyuma, akawa stoo ya rangi. Yote hayo yalikuwemo katika ule ukurasa, kwa lugha nzuri ya ofisi, na karani alipoyapitia hakuona pa kusahihisha ila mwaka mmoja uliokosewa. Alikusudia kutia saini. Hilo lieleweke. Jumamosi ilipofika aliiweka karatasi ndani ya bahasha na kwenda nayo kwa dada yake, kwa sababu tu posta iko njia moja na kwake.

Dada alikuwa na habari tayari. Binti wa jeshi alimpigia simu kumwalika kwenye shughuli, kama mjane wa mmoja wa mabaharia wa zamani. Chai ilipokwisha kumiminwa aliomba aione hiyo karatasi. Alivaa miwani, akasoma kama mwalimu, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena.

"Hayumo," alisema.

Karani alimweleza utaratibu. Aliyetolewa akiwa hai hahesabiwi kwenye meli. Dada akasema hayo anayajua, aliambiwa na kapteni mwenyewe siku ya mazishi, na hakatai. Lakini kibao kitakaa ukutani hata wao wote wakiwa udongo, na mtu aliyeivutia meli ile waya wake miaka minne hawezi kukosa mstari mmoja. Alikuwa amelifikiria tangu alipopigiwa simu. Akafungua droo ya meza, akatoa kalamu, akaisukuma mbele ya kaka yake.

"Andika wewe, ndiye mwenye saini. Weka hapo pembeni. Fundi wa winchi aliumia kazini, akafariki hospitali saa sita kasoro robo."

"Itasomwa mbele ya watu, dada."

"Isomwe."

"Wapo watu wa mtaani wanaojua ulifika saa ngapi."

"Ndiyo hivyo. Aibu ni yangu, kaka, nimeshaizoea. Ila yeye awemo."

Karani alichukua kalamu. Aliandika *Fundi wa winchi*, na mkono ukasimama. Ulisimama tu, kama mashine iliyozimwa. Akaulazimisha, ukakataa. Jambo hilo hilo alikuwa ameliandika kwa wino mara moja bila shida, miaka thelathini na moja nyuma, na sasa liliposemwa na mwenye kuumizwa nalo, likiombwa kama fadhila, halikuandikika. Dada alikuwa akimngoja, kidole chake kimeshika pembe ya karatasi isisogee.

"Hakufia hospitali," karani alisema.

Dada hakuelewa. Akamtazama.

"Alifia melini. Saa nne na dakika ishirini. Mimi ndiye niliyeandika kwa penseli. Jioni kapteni akanisomea ya wino, nikaandika ya wino."

Alimweleza yote kwa mpangilio, kama anavyosoma daftari: waya, winchi, mkono ulioinuliwa, kanuni ya baraza, siku kumi na moja, mimba ya mkewe. Hakujitetea. Sauti yake ilikuwa bapa kiasi kwamba mtu aliyepita mlangoni angedhani anaeleza namna ya kusajili pikipiki. Dada alivua miwani.

"Alisema kitu?"

"Hapana."

"Usinidanganye tena."

"Hakusema. Hakupata nafasi."

"Nani walimbeba?"

"Wanne. Mimi nilishika mguu wa kushoto."

"Ulikuwa na joto bado?"

"Ndiyo."

Dada aliitikia kwa kichwa, taratibu. Alianza kuhesabu, na kaka aliona midomo yake ikicheza. "Yule dereva alinibishia hodi saa tano."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nilipokuwa nangoja pasi ipate moto, nilikuwa mjane tayari."

"Dakika arobaini, dada. Tayari."

"Na wewe ulijua. Kila mwaka nikikuambia anatazama mlango, ulijua."

"Hakutazama mlango wowote," karani alisema. "Nilijua."

Alingoja kutukanwa. Angetukanwa ingekuwa afadhali, kwa sababu matusi yana mwisho. Dada hakumtukana. Aliivuta karatasi kwake, akauchukua mstari wa tisa akaukata kwa kalamu, mkato mmoja mrefu kutoka ukingo hadi ukingo, kama anavyokata jibu baya la mtoto. Kisha akairudisha.

"Andika sasa."

Safari hii mkono ulikubali. Aliandika kwamba asubuhi ya siku ile, saa nne na dakika ishirini, fundi wa winchi alifia melini akiwa kazini, na kwamba maneno ya daftari la wino siyo ya kweli na mwandishi wake ni yeye. Dada alisoma, akamwonesha pa kutia saini. Akatia. Mwandiko ulikuwa umepinda. Herufi za mwisho ziliteremka chini kuelekea pembe ya ukurasa. Aliuona, akaikunja karatasi na kuirudisha ndani ya bahasha.

"Miaka thelathini na moja namwomba radhi mtu ambaye hakuwa ananingoja," dada alisema. Hakumwambia yeye, aliiambia meza. Kisha akainua macho. "Nenda, kaka. Jumamosi ijayo usije. Na ile nyingine usije. Siku nikiweza kukutazama nitakupigia simu."

"Na nisipopigiwa?"

"Basi utajua."

Alitoka, akafunga mlango polepole kama alivyozoea. Alikuwa ameshuka ngazi za ghorofa moja aliposikia kilio. Alikuwa amemwona dada yake akilia mara nyingi, lakini kila mara alililia gauni, pasi, dakika zake ishirini. Hiki kilikuwa kilio kingine. Alikuwa akiita jina, jina dogo la nyumbani, la watu wawili, ambalo kaka yake hakuwahi kulisikia, na aliliita mfululizo kama mtu aliyeletewa habari asubuhi hiyo hiyo. Alikuwa anamlilia mumewe. Kwa mara ya kwanza tangu amzike, alikuwa anamlilia mumewe, na hiyo ndiyo haki ambayo kaka mtu alikuwa amemnyima muda wote ule.

Karani alikaa kwenye ngazi. Kitu kilimwingia kifuani, na hakukijua mara moja. Kiliuma vile unavyouma mguu uliokaliwa sana damu inaporudi, kwanza kidogo, halafu mtu akatamani urudie kufa ganzi. Shemeji yake amekufa. Mkewe amekufa. Yote yalimfikia hapo ngazini, kwa pamoja, bila mpangilio wa tarehe. Alishika chuma cha kuegemea kwa mikono miwili.

Jirani wa ghorofa ya nne alipita na beseni la nguo, akasimama, akamuuliza kwa heshima kama ngazi zimemshinda, amsaidie kupanda. Karani alimwambia hapandi, anashuka. Jirani akamshukuru Mungu kwamba kushuka ni rahisi, akaendelea na safari yake. Karani alibaki amekaa pale pale.